Mkia wa Kijiko Usiguswe

Mapendo ndiye aliyeniomba niandike. Anasema nimestaafu na kuondoka na mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote pale karakana, na kwamba haki ya mambo hayo ni kubaki kazini hata kama mimi nimekwenda. Ana haki. Basi naandika, nikiwa hapa sebuleni kwangu Shard End, miguu juu ya kigoda, saa nne asubuhi siku ya Jumanne, saa ambayo kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nimeshachafuka mpaka viwikoni. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, amwulize Keith, mwenye karakana. Mimi nimeyasahau kwa hiari yangu.

Kwa asiyetujua, karakana yetu iko kwenye kichochoro nyuma ya Coventry Road, Small Heath, kati ya duka la mapazia na mtu anayeziba matairi. Tunatengeneza vijiko, na si vya chai. Ni vipande vya shaba vilivyobonyezwa vikapata umbo la kijiko kisicho na mpini, na mkiani hufungwa ndoana. Ni vya kumvulia samaki anayeitwa samoni. Mvuvi hukaa kwenye boti iendayo polepole, polepole kuliko mtu anayetoka kanisani na nguo mpya, huku akikiburura kijiko nyuma yake kwa mshipi mrefu. Kikiyumba vizuri majini, samoni hudhani ni samaki mdogo aliyeumia, akakirukia. Kazi hii hufanywa hasa majira ya kuchipua, wakati baridi ingali inauma, kwenye maziwa makubwa ya Uskochi. Birmingham hatuna ziwa la namna hiyo, na samoni tulionao wako kwenye pakiti. Lakini mji huu tangu zamani hutengeneza vitu vya kutumiwa na watu wa kwingine, nasi hatukuona ajabu.

Mimi nilikuja Uingereza kumfuata dada yangu, aliyekuwa akitunza wazee, nikaingia kazi hiyohiyo kama wengi wetu. Mwaka wa pili mzee mmoja mwenye mwili wake aliteleza bafuni, nikamdaka. Yeye akapona, mimi nikaumia mgongo. Nikaanza kutafuta kazi ya kukaa, na mtu wa kanisani akanielekeza kwa Keith.

Keith alikuwa kijana bado, amerithi karakana kwa baba yake pamoja na madirisha yasiyofunguka. Alisoma fomu yangu akafika mahali palipoandikwa Kenya, uso ukamchangamka.

"Kule kuna ziwa kubwa, sivyo?"

"Ndiyo, lipo," nikasema.

"Basi samaki unawajua!"

Nikatabasamu. Kutabasamu si kiapo, na ziwa lipo kweli, muulize yeyote. Ila lipo upande mmoja wa nchi na mimi natoka upande mwingine. Mimi ni mtu wa Kitui, tena Kitui ya ndani, ambako mto wetu ni mchanga kwa miezi mingi ya mwaka na maji tunayachimba humo mchangani tukiteka kwa kata. Samaki niliyemjua mimi ni wa mkebe, na huyo naye tulikutana Krismasi. Lakini mgongo ulikuwa unaniuma na kiti nilikiona kwa macho yangu pale karibu na dirisha. Keith akanishika bega, akaniingiza ndani, akawatangazia wote kwamba amewaletea mama wa ziwani.

Fundi mkuu alikuwa Gurdial, Singasinga mwenye kilemba cha bluu na ndevu zilizokuwa nyeupe juu na za kijani kidogo chini kwa vumbi la shaba. Aliposikia natoka Kenya akaweka nyundo chini, akanisemesha Kiswahili. Sikuwa nimekitegemea pale, na nilikaribia kulia kwa furaha. Furaha hiyo haikukaa sana.

"Karibu, dada. Kenya sehemu gani?"

Keith alikuwa amesimama palepale, amefurahi kama mtu aliyeoza binti. "Kisumu," nikasema.

"Kisumu! Mimi nimezaliwa Kisumu. Baba yangu alikuwa na duka ya misumari na rangi pale. Sasa niambie, samaki gani unapenda?"

"Mbuta," nikasema, kwa kuwa ndilo jina pekee la samaki wa kule nililowahi kulisikia. Ningeishia hapo ningeokoka, lakini mwongo mpya hana breki. "Hasa wale wadogo wadogo wa kukaanga, unamtafuna na mifupa yake."

Gurdial akashika ndevu zake. Kwa msiojua, mbuta ni samaki anayeweza kukua akawa mkubwa kama mbuzi, na mtu akimtafuna na mifupa yake apelekwe hospitali mara moja. Hilo mimi nililijua miaka mingi baadaye. Siku ile fundi alinitazama kwa muda, akasema, "Mbuta ndogo. Sawa, dada. Vaa aproni."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kung'arisha. Niwaeleze ninyi mnaokuja, maana siku hizi mashine ni nyingine. Mbele yako linazunguka gurudumu la vitambaa vilivyoshonwa pamoja. Unalipaka dawa ya kahawia iliyo kama kipande cha sabuni ya kufulia, kisha unakibana kijiko kwa vidole viwili na kukisogeza, nacho kinachemka mkononi mwako. Ukikibana kwa woga, gurudumu linakinyakua na kukirusha, na kule kwenye duka la mapazia wanajua leo kuna mgeni. Mwezi wa kwanza nilivunja taa mbili na kikombe cha Keith. Gurdial alikuwa akiokota kijiko, anapitisha kidole gumba kuanzia kichwani mpaka mkiani, macho kayafumba, kisha anakiweka kwenye boksi la vizima au boksi la vibovu. Hatukuwa na maji ya kujaribia vijiko. Tulikuwa na kidole gumba cha Gurdial.

Sheria yake ilikuwa moja. "Uso ng'arisha mpaka uone meno yako. Mgongo ng'arisha. Mkia usiguse."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nimesema."

Sasa, mkiani mwa kila kijiko palikuwa na kasoro. Upande wa kushoto, karibu na tundu la ndoana, ukingo ulijikunja kidogo, kiasi cha upana wa ukucha wa mtoto. Kila kijiko kilikuwa nayo, mahali palepale. Ilitokana na kalibu, yaani kile chuma kizito chenye umbo la kijiko ambamo shaba hubonyezewa. Kalibu yetu ilikuwa na kovu. Mimi nililelewa na mama aliyekuwa akifagia uwanja wa udongo ukabaki na mistari ya ufagio kama umeandikwa, na kasoro ile iliniwasha. Nang'arisha uso mpaka naona meno, nang'arisha mgongo mpaka naona meno, halafu nafika mkiani naona uvivu wa fundi mkuu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nilifikiri hivyo miaka minane, nikanyamaza miaka minane, na kidole gumba changu kikaijua kasoro ile kuliko wanavyoijua rozari wale wenye rozari.

Mwaka wa tisa Gurdial akapasuliwa magoti yote mawili. Daktari akamwambia akae nyumbani miezi sita. Keith akanipa mimi meza ya fundi na funguo zake, na kabla fundi hajaondoka akanirudia sheria kama mtu anayeacha usia. "Mkia usiguse."

Siku tatu nilivumilia. Siku ya nne nikaifungua ile kalibu kwenye mashine, nikaiweka juu ya meza yangu chini ya taa, nikachukua tupa laini, kisha jiwe la kunolea, kisha msasa. Ilinichukua wiki nzima. Nilikuwa nafanya mchana kweupe, kila mtu ananiona, na kila mtu anasema, mama leo ana bidii. Kovu likaisha. Kijiko cha kwanza kilipotoka nilikipitishia kidole na hakikukwama popote. Nikakiweka kwenye mwanga na kusema kwa sauti kubwa, "Hiki ndicho kijiko sasa." Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona tena kazini, na bado naikumbuka kwa aibu. Tulibonyeza maboksi kwa maboksi msimu mzima wa baridi. Keith alinisifu mbele ya watu. Alisema karakana haijawahi kutoa kitu kinachong'aa hivyo, na ilikuwa kweli.

Majira ya kuchipua yakafika, na boksi la kwanza likarudi.

Lilitoka kwa Angus, mtu wa Uskochi anayepeleka wavuvi ziwani kwa boti yake. Wengine wote wa upande ule walitazama yeye anaburura nini ndipo nao wakanunue. Angus akikataa kijiko, ziwa zima limekikataa. Ndani ya boksi aliweka karatasi yenye maneno mawili tu: vimekufa hivi. Kisha akapiga simu, akasema hajapata hata samaki mmoja kwa vijiko vipya, msimu ni mfupi, na anatupa mpaka mwisho wa mwezi kabla hajahamia kwa watu wengine.

Keith akatukusanya, watu wanane, karibu na mashine. Akatuambia kuna watu wanaolitaka jengo wakaligeuze nyumba za kupangisha, na walikuwa wamemwandikia mara tatu. Mara tatu amewakatalia. Lakini bila wateja wa majira ya kuchipua hatakuwa na sababu ya kuwakatalia mara ya nne. Aliyasema hayo akitazama sakafu. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshaelewa, si yote, lakini ya kutosha. Miongoni mwa wanane wale kulikuwa na mama mwenye watoto wanne na mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, na nyumbani alikuwapo Gurdial, anajifunza kutembea upya ili arudi kwenye meza yake. Ilikuwa ndiyo saa ya kusema. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeuficha wangu mara mbili, wa ziwa na wa kalibu, na sikujua nianze kuufunua upi. Nikanyamaza.

Keith akainua macho, akaniona, uso ukamchangamka kama siku ile ya fomu. "Tumpeleke mama kule ziwani! Yeye ataona tatizo liko wapi."

Binti yangu Mueni, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa kuchanganya na Kiingereza, alicheka mpaka akakaa chini. "Mum, just tell them. Hujui hata kuogelea!" Nikamwambia kuogelea si kazi yangu, kazi yangu ni kung'arisha. Usiku huohuo nikaazima koti la dada yangu.

Keith aliniendesha kwa gari la karakana tangu alfajiri. Tulipofika aliniacha gatini kwa Angus, yeye akabaki ufukweni na simu sikioni, akiongea na wale watu wa nyumba za kupangisha. Angus alikuwa na uso mwekundu na maneno machache. Akanivisha jaketi la kuelea.

"Keith anasema wewe umezaliwa majini," akasema. "Kaa nyuma. Shika usukani."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikashika usukani, nikausukuma upande niliotaka kwenda, na boti ikaenda upande mwingine. Nikausukuma zaidi. Tukazunguka duara zuri kabisa, tukarudi tulipotoka, na Keith akatupungia mkono akidhani tunamuaga. Angus akanitazama.

"Kwetu boti zinakwenda kinyume na hivi," nikamwambia.

Akauchukua usukani. Mimi nikakaa katikati, nikashika mbao kwa mikono miwili, nikafumba macho. Zaburi zangu zote ziliisha kabla hatujafika kina kirefu. Baridi ya pale haielezeki kwa mtu wa Kitui, na hata kwa mtu wa Birmingham sina maneno. Nilifumbua jicho moja kidogo, nikaona maji kila upande mpaka kwenye milima, nikalifumba tena.

Angus aliweka fimbo mbili za kuvulia, kushoto na kulia. Kushoto alifunga kijiko cha zamani, cha siku za Gurdial, kilichochujuka rangi. Kulia alifunga changu, na lazima niseme kiling'aa. Tukaburura. Tulikwenda kando ya ziwa kwa mwendo wa jongoo, tukageuka, tukarudi. Baada ya muda fimbo ya kushoto ikapinda, Angus akavuta samoni, mweupe kama sahani, akamtoa ndoana kwa upole na kumrudisha majini.

"Amekuponyoka?" nikauliza.

"Nimemwachia. Ndiyo sheria. Wa majira haya hurudishwa."

Niliuliza tena mara mbili ili niwe na hakika. Watu wanane walikuwa karibu kupoteza kazi, mimi nilikuwa karibu kupoteza uhai, kwa ajili ya samaki ambaye mtu anamvua ili amrudishe. Tukaendelea kuburura, na fimbo ya kulia ikaendelea kusimama wima.

Ndipo nikamwomba Angus avute vijiko vyote viwili karibu na boti, niviangalie vikitembea. Kuviangalia kulitaka macho, na kulitaka niiname nje. Nikafanya yote mawili, nimeshikwa jaketi kwa nyuma kama mtoto anayefundishwa kutembea. Kijiko changu kilikuja kimenyooka, kikatulia majini, kinapita kama askari kwenye gwaride. Cha zamani kilikuwa kinachechemea. Kilikwenda kidogo, kikalala ubavu, kikajivuta, kikalala tena. Hata mimi nisiyejua samaki nilikihurumia. Yule samoni hakutaka kitu kizuri. Alitaka kitu kilichoumia, na mimi nilikuwa nimekitibu.

"Una plaisi?" nikamwuliza Angus.

Alikuwa nayo, koleo ndogo ya kutolea ndoana. Nikakifungua kijiko changu, nikafumba macho tena, safari hii si kwa hofu, nikapitisha kidole gumba mpaka mahali pale pa upana wa ukucha wa mtoto. Miaka minane ya kukereka haipotei bure. Nikaupinda ukingo kidogo. Tukakishusha majini, kikazunguka kama feni. Nikakinyoosha, nikapinda tena, kikapita wima. Mara ya nne kikaanza kuchechemea. Angus akasema neno moja la kwao nisilolijua, akakiachia mshipi wote.

Hatukwenda mbali. Fimbo ya kulia ikainama, Angus akainyakua, akanitia mikononi na kusema, "Huyu ni wako." Nilizungusha kile kigurudumu huku nikipiga kelele za Kikamba ambazo mama yangu angenikemea. Samaki alipofika ubavuni Angus akamtoa ndoana, akaiweka mikono yangu chini ya tumbo lake ndani ya maji yale, akaniambia nimwachie akiwa tayari. Alikuwa mzito na wa baridi, na nilimsikia moyo wake viganjani, au labda ulikuwa wangu. Kisha akajipinda mara moja na hakuwapo tena. Nikalia. Nililia kwa sababu tulikuwa tumepona, na kwa sababu ni mimi niliyetuua.

Ufukweni Angus alimwambia Keith, "Huyu mama anayajua maji. Nileteeni vilivyopindwa hivi, nitangoja." Keith akanikumbatia. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa Gurdial, nyumba yake iko karibu na Alum Rock. Alikuwa kwenye kiti, miguu imenyooshwa juu ya mto. Mkewe akatuletea chai ya tangawizi akatuacha. Sikunywa. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: tupa, jiwe, msasa, Angus, wale watu wanane. Alisikiliza macho yamefumbwa, kama anapopima kijiko.

"Umeondoa yote?" akauliza.

"Yote, fundi. Hata alama haipo."

"Kazi safi," akasema kwa uchungu. Nikatamani anitukane. "Unajua hiyo kovu ilitoka wapi?"

"Sijui."

"Mimi. Wiki yangu ya kwanza. Nimetoka Kenya, sina kazi, baba ya Keith amenichukua. Nikaangusha spana kubwa juu ya kalibu. Tap! Nikaona kovu. Nikasema leo nafukuzwa. Nikaficha. Nikabonyeza vijiko, nikapaki haraka haraka, mzee asione mkia. Halafu majira ya kuchipua simu zinalia. Watu wa ziwa wanasema, leta kama hizi, leta kama hizi. Mzee akafikiri ni shaba mpya. Alinunua shaba kwa mtu huyohuyo mpaka alikufa."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba fundi wake mkuu ameangusha spana? Mwaka wa kwanza niliogopa. Mwaka wa kumi niliona aibu. Mwaka wa ishirini ilikuwa sheria." Akafungua macho. "Ningekuambia sababu, usingegusa. Kosa ni yangu pia."

Nikaona afadhali nimalize kabisa. "Fundi, kuna jambo lingine. Mimi si mtu wa Kisumu."

"Wacha, mama." Akaanza kucheka, akashika magoti kwa maumivu, akacheka tena. "Mbuta ndogo ya kutafuna na mifupa! Nilijua hata kabla hujavaa aproni. Nilienda nyumbani nikamwambia bibi yangu, leo tumeandika mtu ya jangwani."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Mtu akiwa na yake chini ya meza, ataita nani mwongo?"

Jumatatu alikuja karakana kwa magongo mawili, mwezi mzima kabla ya wakati wake. Akawatuma wote wakanywe chai. Akakaa kando ya kalibu, akanipa tindo na nyundo.

"Mimi niliangusha bila kujua. Wewe piga ukijua. Hiyo ni ngumu zaidi."

Nikafumba macho, kidole gumba kikatafuta mahali, nikaweka tindo, nikapiga. Tukabonyeza kijiko kimoja. Akakipima. "Rudia, kidogo tu." Nikarudia. Akakipima cha pili polepole, kutoka kichwani mpaka mkiani, na kidole kikakwama. "Hapo," akasema, na ndevu zikamtetemeka. Keith alipoingia tulimwambia kalibu ilikuwa imelegea, tumeikaza. Vile vilivyobonyezwa msimu wa baridi tulivipinda kimoja kimoja kwa mkono, wiki mbili, mimi na yeye. Angus hakurudisha hata kimoja. Wale watu wa jengo waliandika mara ya nne wakajibiwa kama mara ya tatu.

Gurdial alifariki miaka sita iliyopita. Siri ikabaki na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi, ambaye kwa kutabasamu sina mpinzani. Nikawafundisha wote waliokuja: uso, mgongo, mkia usiguse. Walipouliza kwa nini, nikawajibu kwa sababu mimi nimesema. Nilijiona fundi kweli.

Sasa nifike Ijumaa yangu ya mwisho. Mapendo alikuwa ameshakalia kiti changu. Mapendo anatoka Goma, amekulia ukingoni mwa ziwa Kivu, na huyu ndiye mtu wa ziwa hasa. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Nilikuwa nikikunja aproni yangu nilipomwona amekiinua kijiko kwenye mwanga, anapitisha kidole mkiani, na midomo ameibana vilevile nilivyokuwa nikiibana mimi.

"Mama," akasema, "hii mukia iko na kasoro. Ile kalibu iko na fasi moja haiko sawa. Kama munaenda, miye nitaitengeneza muzuri, Keith atafurahi."

Na mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeshika msasa. Nilipiga kelele, Mapendo, nawe ulishtuka mpaka ukakiangusha kijiko. Ulidhani nimekasirika. Kabla sijakueleza, Keith akaingia na keki na watu wote nyuma yake, na mimi nikapata sababu ya kunyamaza tena. Ndiyo maana uliponiomba niandike nilikubali upesi hivyo. Sasa unajua. Kovu ni letu, la Gurdial na langu. Bila hilo kijiko ni shaba tu, na ninyi mko mtaani. Waambie sababu wale watakaokuja baada yako, maana sheria isiyo na sababu inangoja tu mtu msafi.

Zawadi yao ilikuwa ramani kubwa ya ziwa lile la Kenya, imewekewa fremu na kioo, na juu ya Kisumu Keith amebandika kijiko kidogo cha shaba. Akasema ni ili nisisahau nyumbani. Macho yake yalikuwa na machozi. Nikafungua mdomo niseme. Nikakuona, Mapendo, unanitazama, kisha ukatazama viatu vyako, na nadhani mtu wa Kivu hahitaji kuambiwa. Nikasema, "Asante, mmenikumbusha mbali," nikakata keki.

Ramani iko hapa ukutani mbele yangu. Mueni kila akipita anaguna. Basi, Mapendo, wasomee haya yote wakati wa chai, Keith akiwapo, na usiruke mstari. Mimi ni mtu wa Kitui. Ziwa la kwanza kuliona maishani mwangu ni lile la Angus, na safari nzima nililiona kwa jicho moja.